Wakati wa Mungu Ni Bora: Neno Hili Ni la Nani?



Ni nadra sana kukaa msibani kwetu bila kulisikia neno hili: "Kazi ya Mungu haina makosa." Mzee wa kanisa hulisema kabla ya kufungua sala. Jirani hulisema akitoa rambirambi yake. Hata mgeni asiyemjua marehemu hulisema, kwa kuwa hana jingine la kusema. Mimi nami nimelisema mara nyingi. Siku moja nilimwambia mama mmoja wa mtaa wetu, aliyekuwa amemzika mwanawe wa miaka mitano. Alinyamaza kidogo, kisha akanijibu bila hasira: "Asante, mwalimu. Lakini hilo niachie niliseme mwenyewe, siku nitakapoweza."

Nilirudi nyumbani nimeona haya, na jibu lake limekaa nami miaka hii yote. Je, nilikuwa nimesema uongo? Sidhani. Imani yetu yafundisha kwamba uhai na mauti vi mikononi mwa Mungu. Basi kosa langu lilikuwa wapi? Inawezekanaje neno liwe kweli, na bado iwe vibaya kulisema? Swali hili ndilo nipendalo tulitafakari pamoja, na nitaomba msaada mahali ambapo pengine hamkutazamia, yaani katika muziki wa mazishi uliotungwa Ujerumani zaidi ya miaka 300 iliyopita. Maneno ya kwanza ya muziki huo ndilo jina lake, Gottes Zeit ist die allerbeste Zeit, maana yake wakati wa Mungu ndio ulio bora kabisa. Kwa hiyo unaanza palepale nilipoanzia mimi kwa yule mama. Tutazame unakokwenda.

Mtunzi wake ni Johann Sebastian Bach, aliyezaliwa mjini Eisenach mwaka 1685. Mama yake alifariki 1694, na baba yake mapema mwaka uliofuata, kabla mtoto hajatimiza miaka kumi. Akalelewa na kaka yake mkubwa, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa mjini Ohrdruf. Mwaka 1707 alipata kazi ya kupiga kinanda katika Kanisa la Mtakatifu Blasio mjini Mühlhausen, na Oktoba ya mwaka uleule akamwoa Maria Barbara. Yapata wakati huo, 1707 au 1708, akiwa kijana wa miaka 22 hivi, ndipo alipotunga kazi hii. Karatasi alizoandika kwa mkono wake zilipotea. Nakala ya zamani kuliko zote iliyobaki ni ya mwaka 1768, miaka 18 baada ya kifo chake, nayo ina kichwa cha Kilatini, Actus tragicus, yaani tendo la majonzi.

Muziki wa namna hii huitwa kantata. Katika zama ambazo wataalamu huziita Baroko, tangu 1600 hata 1750 hivi, kantata ilikuwa kama mahubiri ya pili katika makanisa ya Kilutheri. Kwaya na waimbaji wa pekee, pamoja na ala, waliyachukua maneno ya Maandiko na tenzi za kanisa wakayafafanua kwa sauti. Bach alituachia kantata za kanisa zipatazo 200, na hii ni miongoni mwa zile za mwanzo kabisa. Haina mashairi mapya marefu kama zile alizotunga baadaye. Karibu maneno yake yote yametoka katika Biblia na katika tenzi ambazo waumini walizijua tangu utoto. Huchukua dakika 20 hivi.

Jambo la kwanza la kutambua ni kwamba kantata hii haianzi kwa maneno. Kwaya yanyamaza. Filimbi mbili na vinanda viwili vya nyuzi viitwavyo viola da gamba, ambavyo hushikwa kati ya magoti, pamoja na kinanda cha kanisa, hupiga polepole sana. Hakuna tarumbeta wala fidla kali. Filimbi zile mbili mara nyingi hupiga sauti moja, kisha moja humwacha mwenzake kidogo, ikarudi, kama watu wawili waliokaa pamoja katika huzuni. Kabla ya kufundishwa lolote, aliyefiwa hukaliwa karibu tu. Wenzetu wajuao kukaa matanga hawahitaji kufundishwa jambo hili. Anayekuja, akaketi mkekani, akanyamaza, naye ametoa rambirambi.

Ndipo kwaya yaimba lile neno la wakati wa Mungu. Mara inafuata habari iliyo katika Matendo 17:28, maneno ya Mtume Paulo kule Athene, kwamba katika Mungu tunaishi na kwenda na kuwa na uhai wetu. Hapa muziki wakimbia kwa furaha, na neno lenye maana ya kudumu huvutwa kwa noti ndefu. Kisha ghafula mwendo wapungua, sauti zashuka, na kwaya yaongeza sentensi ambayo Paulo hakuisema: kwamba katika yeye huyo pia tunakufa, kwa wakati ufaao, atakapo. Nyongeza hii si ndogo. Aliyepanga maneno haya hakutaka tumkiri Mungu katika uhai, kisha tumwache nje ya mlango wa kifo. Lakini tuangalie kiambishi: tunaishi, tunakufa. Hakuna anayenyooshewa kidole. Kwaya yasema habari zake yenyewe.

Baada ya hapo, sauti ya tena yaomba ombi la Zaburi 90:12, kwamba Bwana atufundishe kuzihesabu siku zetu. Kisha besi yaingia na neno la Isaya 38:1, nabii anapomwambia mfalme Hezekia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa maana atakufa. Filimbi zakimbia juu yake bila huruma, kama saa isiyongoja mtu.

Hapa naomba tusimame kidogo, tuifungue Biblia yenyewe. Hezekia alifanya nini alipoambiwa hivyo? Alijigeuza ukutani, akaomba, akalia sana. Na Mungu hakumkemea kwa machozi yake. Alimwongezea miaka 15. Tena, katika aya ya 21, Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la mfalme. Basi nabii yuleyule aliyeleta habari ya kifo alileta na dawa. Nalisema hili kwa sababu neno la kazi ya Mungu limepata kutumiwa vibaya miongoni mwetu. Mtoto afapo kwa homa ambayo ingetibika, kwa kuwa dawa haikufika au mhudumu hakufika, au kijana aangamiapo barabarani kwa kuwa dereva alikuwa amelewa, twasema haraka kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na makosa ya wanadamu yanazikwa pamoja na marehemu. Hivyo sivyo kumtukuza Mungu. Ni kumbebesha mzigo wetu. Mwenye kuamini kwamba saa yake i mikononi mwa Bwana hazuiwi kulia, wala kutafuta tini, wala kuuliza kwa nini tini hazikuwapo.

Sasa twafika katikati ya kantata, na hapa ndipo ulipo ukuu wake, hata waliousoma muziki maisha yao yote hustaajabu kwamba kijana wa miaka 22 aliweza kuutunga. Sauti tatu za chini, yaani alto, tena na besi, zaanza fuga. Sauti moja yatangulia, nyingine yaifuata kwa maneno yaleyale, na ya tatu vivyo hivyo. Maneno yenyewe yatoka Yoshua bin Sira 14:17, kwamba hili ndilo agano la tangu kale, mwanadamu hana budi kufa. Kitabu hicho ni kimoja cha vile ambavyo Ibara ya Sita ya zile Ibara 39 za Kanisa letu yasema tuvisome kwa mfano wa maisha na mafundisho ya mwenendo, bila kuthibitisha imani kwavyo. Lakini jambo hili halihitaji kuthibitishwa na kitabu. Kila kaburi lalithibitisha. Fuga yazunguka, yarudi, yazunguka tena, kwa kuwa sheria haichoki.

Ndipo soprano, sauti ya juu, yaingia peke yake na jibu la Ufunuo 22:20, ombi la kwamba Bwana Yesu aje. Zile sauti za chini hazinyamazi kumpisha. Zaendelea na sheria yao, naye aendelea na ombi lake. Wakati huohuo filimbi zapiga, pasipo maneno, wimbo wa kanisa uliojulikana sana siku zile, ambao maneno yake yasema habari ya mtu aliyekwisha kumwachia Mungu shauri lake. Waliokuwamo kanisani waliujua, wakayajaza maneno mioyoni mwao. Hivyo mambo matatu yasikika kwa pamoja: sheria ya kifo, tumaini la Injili, na mtu aliyefumba midomo akijikabidhi.

Mhubiri hawezi kufanya hivi. Akisema habari ya mauti, habari ya ufufuo yangoja. Akisema ya ufufuo, ile ya kwanza imekwisha kupita, na msikilizaji hudhani kwamba imefutwa. Muziki wa sauti nyingi waweza kusema mawili kwa pumzi moja, na hayo mawili yakae pamoja yasiuane. Huu ndio uzito wa kantata hii katika historia ya muziki, na nadhani ndio uzito wake kwa mambo ya roho pia. Kwa maana moyo wa aliyefiwa hauishi kwa zamu, leo huzuni na kesho imani. Vyote viwili vyaimba humo kwa wakati mmoja. Anayemwambia, "Usilie, wewe ni Mkristo," anataka sauti tatu za chini zinyamazishwe ili ya juu isikike vizuri. Bach hakufanya hivyo, na Bwana wetu hakufanya hivyo. Katika Yohana 11 alilia kaburini kwa Lazaro, naye alijua kwamba bado kitambo kidogo atamwita atoke.

Mwisho wa sehemu hii ni wa ajabu zaidi. Sauti za chini zakoma. Ala zakoma, moja baada ya nyingine, hata kinanda. Soprano yabaki peke yake, bila chochote cha kuishikilia, ikilitaja jina la Yesu kwa noti zinazotetemeka. Kisha nayo yanyamaza. Na baada yake Bach aliandika pumziko la kipimo kizima, lenye alama ya kurefushwa. Hakuna sauti yoyote. Walimu wa kwaya tunajua jinsi ilivyo vigumu kuwafundisha waimbaji kunyamaza; kila mmoja hutaka kuingia mapema. Lakini kimya hiki kimeandikwa. Ni sehemu ya wimbo. Mwimbaji ameita, na jibu bado.

Baada ya kimya hicho muziki umeshuka mahali pa chini kabisa. Wajuao kusoma noti wataona kwamba kantata ilianza na alama tatu za kushusha sauti, katikati zikawa nne, na sasa ni tano. Hapo alto yaimba Zaburi 31:5, neno la kuiweka roho mikononi mwa Mungu, ambalo Bwana alilitamka msalabani kwa mujibu wa Luka 23:46. Besi yamjibu kwa ahadi aliyopewa yule mnyang'anyi katika Luka 23:43, kwamba leo hii atakuwa pamoja na Kristo peponi. Na juu ya sauti hiyo ya Kristo alto yaimba Wimbo wa Simeoni kama Martin Luther alivyoutunga kuwa utenzi mwaka 1524. Sisi tunaujua Wimbo wa Simeoni vizuri, kwa kuwa tunaukuta katika kila Sala ya Jioni. Mwishowe kwaya nzima yarudi katika ufunguo wa mwanzo, ikiimba ubeti wa sifa kwa Utatu Mtakatifu kutoka katika utenzi wa Adam Reusner, kisha Amina inayokwenda mbio. Hata hivyo hakuna kishindo mwishoni. Ala zarudia sauti za mwisho kwa upole, na kimya chaingia tena.

Sasa turudi kwa yule mama. Nilipoyapanga maneno ya kantata hii mbele yangu, nikauliza swali dogo la sarufi: ni nani asemaye, na anamwambia nani? Majibu yalinishangaza. Karibu kila neno la kukikubali kifo limo katika nafsi ya kwanza. Sisi tunaishi na kufa katika yeye. Utufundishe sisi. Uje, Bwana, kwangu. Roho yangu naiweka mikononi mwako. Mimi naenda kwa amani. Simeoni naye alijisemea mwenyewe. Alikuwa mzee, ameona alichokingoja, akaomba ruhusa. Lakini alipomgeukia Mariamu aliyesimama mbele yake na mtoto, hakumwambia kwamba kila jambo ni jema. Katika Luka 2:35 alimwambia kwamba upanga utaingia nafsini mwake. Amani aliichukua kuwa yake. Mama hakumficha upanga.

Na ni nani asemaye "wewe" katika kantata hii? Ni watatu tu. Sheria ya kale yamwambia kila mwanadamu kwamba atakufa. Nabii amwambia Hezekia aliye hai atengeneze nyumba yake. Na Kristo amwahidi mnyang'anyi pepo. Huyu wa tatu ndiye pekee aletaye faraja kwa neno la "wewe", naye hakulitamka akiwa ameketi kitini. Alilitamka akiwa ametundikwa karibu, anakufa kifo kilekile.

Basi nadhani kosa langu ni hili. Nilichukua ungamo la imani, nikaligeuza kuwa maelezo. "Wakati wa Mungu ni bora" ni neno ambalo mtu hulisema akiyaweka maisha yake mwenyewe mikononi mwa Mungu, tena hulisema huku sheria ya kifo ikivuma chini yake. Nilipomwambia yule mama kuhusu mwanawe, halikunigharimu kitu. Mtoto hakuwa wangu. Nilikuwa nalipa deni langu la kusema kitu kwa fedha yake. Alikuwa na haki ya kuidai irudi.

Mtu ataniuliza: Je, tusifarijiane basi? Paulo katika 1 Wathesalonike 4:18 hakutuagiza tufarijiane kwa maneno? Naam, alituagiza. Lakini katika aya ya 13 hakuwakataza kuhuzunika. Aliwataka wasihuzunike kama wasio na matumaini. Tena kuna njia ya kulisema neno hili msibani pasipo kumpiga nalo aliyefiwa, nayo ndiyo njia ya kwaya. Kwaya iimbapo "sisi", aliyefiwa amo ndani ya "sisi" hiyo kama apendavyo. Akiweza kuimba, ataimba. Asipoweza, wenzake wameshika sauti yake mpaka arudi. Hii ndiyo sababu kanisa halimwachi mfiwa atunge sala yake siku ya maziko. Lampa sala za wote, naye aweza kunyamaza ndani yake bila kuhesabiwa kuwa ameasi.

Wala tusidhani kwamba Bach alikuwa akicheza na maneno kwa kuwa alikuwa kijana. Neno alilolitungia muziki akiwa na miaka 22 lilimrudia. Mwaka 1720 alisafiri na mtawala wa Köthen, aliyekuwa bwana wake, kwenda Karlsbad. Aliporudi alikuta Maria Barbara, aliyemwacha akiwa mzima, amekwisha kufa na kuzikwa. Kati ya watoto wake 20 wa ndoa mbili, ni kumi tu waliofikia utu uzima. Hapo hakuna mwingine aliyeweza kulisema neno lile badala yake. Ilimpasa aliseme mwenyewe, au anyamaze.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tukienda msibani tuchukue mambo matatu kutoka katika kantata hii. Kwanza, tuanze kama filimbi, kwa kukaa karibu kabla ya kusema. Pili, tusiikemee sauti ya chini, ile iliayo kwamba mauti ni machungu, kwa maana Mungu mwenyewe ameiacha iimbe. Tatu, tuheshimu kimya. Aliyeita jina la Bwana na bado hajajibiwa hajapotea. Yumo katika kipimo kile kitupu ambacho mtunzi alikiandika makusudi, na wimbo haujaisha.

Mama yule bado tunasali naye, na hukaa benchi lilelile la upande wa dirisha. Sijamuuliza kama siku yake imefika ya kulisema neno lile. Si juu yangu kuuliza. Lakini ifikapo Sala ya Jioni, sisi tunapousimamia Wimbo wa Simeoni, jioni nyingine naona midomo yake ikisogea, na jioni nyingine haisogei. Nasi twaimba.

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote.